Mto wa Mama Ivyne

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti, punguza moto chini ya sufuria. Leo tunamkumbuka Hannah Shiru, msusi wa Kenyatta Market, mke wa Mzee Shem Ochola wa Uthiru. Hannah aliyeendesha gari polepole kuliko mtu yeyote Nairobi hii.

Shem alizaliwa kando ya Nzoia, mto mpana wenye maji ya udongo. Hannah alitoka milima ya Kangema, ambako mto Mathioya huteremka juu ya mawe, maji baridi, maangavu. Siku Shem alipokwenda kujitambulisha ukweni, alichungulia darajani akasema, "Sasa hii nayo ni mto ama ni mtaro?" Jamani! Na bado hajapewa mke! Wazee walicheka wakashika mbavu. Hannah akamrudishia, "Afadhali mtaro. Ile yenu ni chai ya maziwa." Utani huo waliingia nao kwenye ndoa, wakazeeka nao.

Kisha Shem akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Maneno alikuwa nayo yote kichwani, lakini yalipotoka yamevunjika aliona aibu. Akanyamaza kabisa. Alishinda dirishani akitazama magari ya Waiyaki Way, na wageni wakija anageuza uso. Daktari alionya: asipoongea, ulimi utasahau kazi yake.

Binti yao Ivyne anakumbuka: "Mama alisema, 'Huyu nitamtoa hapa, hata kama ni kwa kumbeba.'"

Hannah hakujua kuendesha gari. Alijifunza akiwa na mvi, wasikilizaji! Jumatatu moja, saluni ikiwa imefungwa, akamfunga Shem mkanda wakashika barabara ya kwenda mlimani. Polepole! Malori yaliwapita. Mtu wa baiskeli aliwapita. Shem alitamani kusema, "Kanyaga mafuta, Mama Ivyne," akayameza maneno. Hannah akasimama kununua ndizi. Akasimama tena kutazama ukungu juu ya majani chai. Walipofika darajani, akazima gari na kushusha vioo. Mathioya unanguruma.

"Baba Ivyne, sema ukweli. Ushawahi kuona mto mzuri hivi?"

Shem akageuza uso.

"Basi nimeshinda. Nitaambia Kangema yote Ochola amekubali."

Hapo Shem hakuvumilia. Ulimi ukajikokota, ukajikwaa, ukafika: "M... mtaro."

Hannah alicheka, akalia, akacheka tena. Tangu hapo walirudi mara kwa mara, na kila safari Shem alimtukania mto wake kwa maneno mengi zaidi.

Mwezi uliopita, moyo wa Hannah ulisimama ghafla. Alizikwa nyumbani kwa kina Shem, kando ya Nzoia. Ivyne alishika maikrofoni aongee kwa niaba ya baba yake. Shem akainyakua kwa mkono wa kushoto. Akawatazama ndugu zake.

"Mathioya," akasema. Akapumua. "Mathioya ni mto."

Watu wa kwao waliangaliana. Wale wa Kangema walielewa, wakapiga makofi huku wakilia.

Mzee Shem, Ivyne, na jamaa wa Nzoia na wa Kangema, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kama kuna neno tamu unamfichia mwenzako, mpe angali anasikia. Mzee Shem ameniomba nilirudie lake hewani, lisikike hadi mlimani, nami nalirudia kwa heshima: Mathioya ni mto.