Pezi la Sufuria

Mwaka themanini na nne, katika basi la Tanga kwenda Moa, mvuvi mmoja alikuwa amepakata mashine ya boti. Ilikuwa nyeusi kwa masizi, isipokuwa pezi lililo chini ya pangaboi, lililong'aa kwa upya.

"La zamani nililivunja mwambani," akamwambia bibi aliyekaa kando yake, bila kuulizwa. "Bila pezi, mama, chombo hakishiki njia. Fundi wa Mabawa kayeyusha sufuria, kaimimina kwenye mchanga, likatoka hili. Kalifunga kwa bolti mbili. Halivunjiki tena!"

"Sufuria umeipata wapi? Mwaka mzima huu madukani rafu tupu."

"Ya nyumbani. Mke wangu Nasima hajajua."

"Mnazo ngapi?"

"Ile ile moja. Lakini nikirudi na samaki tele, atafurahi mwenyewe."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye bado hajafika nyumbani.

"Atawapika kwenye nini?"

"Tutawachoma."

Bibi akajitanda kanga yake vizuri. "Na uji wa watoto, mwanangu, nao mtauchoma?"

Basi likasimama. Mvuvi akashuka na mashine begani, akashika njia ya pwani. Nyumba zilikuwa upande wa pili.