Jumamosi Aliyoolewa Darcy

Benchi lililo mbele ya duka la matairi, hapa mjini Odell, Alabama, lilitoka kanisani viti vipya vilipoletwa, ingawa wanaolikalia sasa hawaketi kama watu wa kanisani. Mwenye duka ni mwembamba na hatulii, ndiyo maana tunamwita Mbu. Yeye huleta kahawa kwenye chupa kubwa na karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Pembeni yake hukaa Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote. Mimi, mwandishi wa gazeti la wilaya, huwekewa nafasi mwishoni. Jumanne moja mwenzetu Wendell Pruitt alifika kabla yetu sote, na kahawa yake ikapoa bila kuguswa.

Shida yake ilikuwa ya kweli. Binti yake mdogo, Laurel, anaolewa, na ametaka Jumamosi ya katikati ya Oktoba. Oktoba ni msimu wa mpira, huu wetu wa yai, wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Huku kwetu watu huoana Januari au Juni. Tena Jumamosi aliyoichagua Laurel, Chuo Kikuu cha Talwa, timu ya wilaya nzima, kinacheza na Pickett, chuo kidogo cha ualimu ambacho hualikwa mara mojamoja ili kije kifungwe. Mchungaji alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Wendell akikataa, harusi itafanyika Minnesota, kwa wazazi wa mchumba, na yeye atakuwa mgeni kwenye harusi ya mwanawe.

— Mpe Januari, alisema Kocha.

— Nimempa. Hataki.

— Basi mkumbushe ya dada yake.

Hapo kidonda kikatoneshwa. Miaka kumi na tano iliyopita, Darcy, dada yake Laurel, aliolewa Jumamosi ya Oktoba, na alasiri hiyohiyo Talwa ikafungwa na Pickett. Nilikuwa uwanjani kwa kazi. Talwa ilikuwa mbele kwa pointi mbili, mpira ulikuwa wetu, na kilichobaki ni kijana wetu kupiga goti na mpira wake, saa iishe, watu wakale. Hakupiga goti. Alimpa mwenzake akimbie nao, ukamponyoka, na mwanafunzi mmoja wa Pickett akauokota, akakimbia uwanja mzima bila mtu wa kumgusa. Mpaka leo kuna wazee mjini hapa wanaozima redio wakisikia neno Pickett, hata kama linatajwa kwenye habari za hali ya hewa.

Kocha alisema chanzo kinajulikana: mke wa kocha wa Talwa alifua shati. Shati lile lilikuwa halijafuliwa tangu msimu uanze, na timu ilikuwa haijafungwa. Mama wa watu akalihurumia.

— Umeyajuaje mambo ya shati la mtu? aliuliza Mbu.

— Lilionekana kwenye televisheni. Lilikuwa limenyooka.

Mbu alimwonea huruma kwa sauti. Shati ni hadithi ya watoto, alisema; tatizo lilikuwa mbuzi. Talwa huzungusha beberu uwanjani kabla ya mechi, na wiki ile beberu wa halali alikufa Jumatano. Wakubwa wakaficha msiba, wakaazima mwingine kwa mkulima fulani. Na shemeji yake mkulima huyo alikuwa akiishi wapi? Mbu alingoja mpaka Kocha akakubali kusema: Pickett.

— Kwa hiyo mbuzi aliuza mechi, alisema Kocha.

— Sikusema aliuza. Nasema hakuwa na uchungu na timu.

Wendell hakucheka. Walipoona hivyo wakaacha mbuzi na kurudi kwenye lile ambalo mji mzima humsema nalo akiwa amegeuka. Siku ya harusi, alieleza Mbu, wilaya nzima ilikuwa imeacha viti vyake. Kila mtu ana kiti chake mbele ya televisheni, na kiti kikihamwa, timu huyumba. Lakini hilo nalo ni dogo.

— Mungu mwenyewe alikuwa wapi saa ile? Alikuwa kwako, Wendell, anabariki ndoa.

— Mungu yuko kila mahali, bwana wewe.

— Yuko. Ila siku ile ilibidi achague.

Kisha wakamkumbusha, kama kwamba amewahi kusahau, jinsi mchungaji alivyouliza kama yupo mwenye sababu ya kuzuia ndoa ile, na sauti za wanaume zikaingia kutoka uani zikisema haiwezekani. Zilitoka kwenye pikapu ya Mbu. Nusu ya waalikwa wanaume walikuwa wamejazana humo wakisikiliza redio, na sekunde hiyohiyo mpira ulikuwa umeanguka. Wendell mwenyewe alikuwa na kidude cha redio sikioni, upande usioonekana na wageni. Ndiye mtu pekee ndani ya kanisa aliyejua kwa nini wamepiga kelele. Akalia, na watu wakasema baba anampenda sana binti yake.

— Nimebeba lawama ile miaka kumi na tano, alisema. Siwezi kubeba ya pili. Nitamwambia Laurel hapana.

Wakati huo gari dogo lenye namba za Minnesota lilisimama. Akashuka kijana mrefu, mweupe wa nywele, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Alikuwa Soren, mchumba wa Laurel. Kwao wanacheza mpira wa kwenye barafu, na Mbu alishatamka mara nyingi kwamba hilo si kosa la kijana.

— Bwana Pruitt, samahani. Laurel amenituma.

— Huku anaitwa mzee, alisema Mbu.

— Mzee, samahani. Laurel anataka kuingia kanisani kwa wimbo uleule alioingia nao dada yake. Laurel mwenyewe siku ile alikuwa kwa shangazi yake, anaugua tetekuwanga. Ulikuwa wimbo gani?

 Wendell akamtazama Kocha, Kocha akamtazama Mbu. Watu hawa wanaweza kukutajia kila mchezaji wa Talwa aliyekuwa uwanjani alasiri ile, jezi yake na kijiji alikozaliwa.

— Si angemuuliza Darcy, alisema Kocha.

— Amemuuliza. Darcy kasema, muulize baba, ndiye aliyenishika mkono.

Mbu alimenya karanga na kuitazama badala ya kuila. Wendell akatoa simu. Huwa anaiweka sauti juu kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo tulimsikia Darcy kana kwamba amekaa nasi.

— Mwanangu, siku ya harusi yako tuliingia kwa wimbo gani?



— Hapakuwa na wimbo, baba.

— Vipi hapakuwa na wimbo?

— Mpiga kinanda alikuwa nje, kwenye pikapu ya Mbu. Nilikuwa nasikia viatu vyangu tu. Wewe hukusikia kwa sababu ulikuwa unasikia mechi.

Mbu alisema polepole kwamba ni kweli, Bi Opal wa kinanda alikuwepo, ndiye aliyekuwa ameshika kitufe cha sauti.

— Mama yako alijua? aliuliza Wendell.

— Mama alijua, wanawake wote walijua. Mama alisema tusikwambie, eti mpira ulishakuumiza vya kutosha.

Akacheka, na alivyocheka tukajua alishasamehe zamani, tena bila kuombwa. Wendell hakuweza kucheka naye. Alimwambia kitu kwa sauti ya chini, akageuka tusimwone uso, kisha akaizima simu na kuitia mfukoni.

— Mwambie Laurel Jumamosi ni yake, alimwambia kijana. Oktoba ileile. Nitakuja na masikio mawili.

— Na Pickett je? aliuliza Mbu.

— Pickett ifanye itakalo. Ila, Soren, safari hii mtafutieni mpiga kinanda asiyejali mpira.

— Sawa, mzee, alisema Soren. Katika wilaya hii ni nani huyo?

Mbu alitazama upande wa kanisa na Kocha upande wa shule. Mimi nilijaribu kuwapitia wapiga kinanda wote wa madhehebu yote ninaowafahamu, hata yule wa mazishini. Mwishowe Wendell alimsogezea kijana kikombe, akamwambia akae kwanza.