Glasi Moja ya Mama Gundi

Marehemu Mama Gundi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkunga. Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli hadi darasa la nane, mama yake alipougua na nyumba ikahitaji mikono.

Mwaka 1969 aliajiriwa maktaba kuu, chumba cha chini, kujalidi vitabu vilivyochakaa. Alikaa humo miaka thelathini na saba. Gundi haikumtoka kwenye kucha, na ndiyo iliyompa jina. Msomaji aliyerudisha kitabu kimechanika alipokelewa kwa upole, kisha akaulizwa kama kwao wanafuga mbuzi.

Tarehe 7 Agosti 1976 aliolewa na seremala aliyeitwa maktaba kutengeneza rafu mbili, akazitengeneza kwa miezi minne.

Kila jioni walikaa barazani, mume na bia zake tatu, marehemu na glasi yake moja. Kabla haijafika nusu, uso na masikio vilimwaka moto, moyo ukamwenda mbio. Mawifi walimtania kwamba amelewa harufu, naye akacheka nao.

Mwaka 1994 kichwa kilimgonga wiki nzima. Alipopimwa presha ilikuwa 176 kwa 108. Mumewe akapimwa papo hapo. Yake haikuwa na neno. Marehemu alikasirika.

"Daktari, huyu anamaliza chupa tatu, mimi glasi moja. Iweje presha inifuate mimi?"

"Mama, pombe haiwaingii watu sawasawa," daktari alimjibu. "Hiyo moja kwako ni nyingi. Huo moto usoni ni mwili unakukataza."

Hakuamini. Aliacha wiki sita, presha ikashuka. Akarudia wiki tatu, ikapanda. Hapo akakubali. Mumewe naye akaacha, akisema hawezi kunywa mbele ya mtu anayemtazama mdomo.

Mume alifariki Mei 2011. Kwa majonzi, marehemu aliirudia glasi yake kwa siri, na vidonge vya presha alivyoandikiwa akawa anaviruka. Januari iliyofuata alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Alijifunza upya kula na kuandika kwa mkono wa kushoto, wala hakumlaumu mtu. Ndiye aliyeagiza habari hii isomwe leo. Mdogo wake alipomsihi iachwe, alisema: "Msinisitiri kwa hilo. Siku hiyo atakuwepo mtu ambaye uso unamwaka kwa glasi moja, na wenzake wanamcheka. Huyo ndiye mnayemsomea."

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, binti yake akimchana nywele.

Ameacha binti mmoja, wana wawili, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyesimama hapa.

Dada, pumzika kwa amani. Nimeyasoma yote.