Ludovick Rwegasira na Kompaila Aliyoikataa

Marehemu Ludovick Rwegasira alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, Kamachumu, wilayani Muleba. Tangu utotoni hakuvumilia kazi ya ovyo. Akiwa na miaka tisa alilibomoa banda la kuku lililojengwa na fundi wa kulipwa, akalijenga upya, na kuku wakahamia bila kulalamika.

Alisoma Kamachumu, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1982 alikuja Stockholm, Sweden, kusomea uhandisi.

Mwaka 1985 aliajiriwa Kista, kitongoji cha Stockholm, kwenye kampuni ndogo ya programu za maabara za kupima maji. Kompyuta binafsi zilikuwa bado ngeni, zenye kumbukumbu haba. Aliagizwa achunguze kompaila za lugha ya C, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mtaalamu yawe amri za mashine. Alizijaribu tano kwa wiki sita. Moja ilikuwa na kasi ya ajabu na kitabu chenye jalada la kung'aa, ila ilikosea hesabu za desimali. Mkuu wake akaipenda hiyo hiyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mkuu huyo hakuwahi kupishana na kinachotembezwa asikinunue.

Asubuhi ya tarehe 12 Novemba, Ludovick alimfuata ofisini akamwambia wazi kwamba haifai. Mchana kikao kilikaa, kwa kahawa na maandazi ya mdalasini. Mkuu akauliza, "Tumekubaliana?" Ludovick akanyamaza. Kwao Kamachumu, aliyekwisha kukataa faraghani hamwumbui mkubwa hadharani, na mkubwa mwenye akili huelewa. Huyu hakuwa nazo. Muhtasari ukaandikwa kwamba wote wamekubali. Maabara zilipoanza kurudisha diski za programu kwa sababu ya hesabu mbovu, karatasi hiyo ikatolewa kabatini, na lawama zote akabebeshwa Ludovick. Wasomi wazima, na hakuna aliyeona haya.

Aliondoka mwaka 1987, akafundisha watu wazima hesabu hadi kustaafu. Mwaka 1988 alifunga ndoa na Adelina mjini Bukoba, wakaishi Norsborg, pembeni mwa Stockholm. Binti yao Valerie alimwuliza siku moja, akichanganya na Kiswidi, "Men pappa, kwa nini hukusema nej, hapana?"

"Nilisema asubuhi. Nimwaibishe mtu mbele ya vijana wake?"

"Alistahili!"

"Anastahili hata leo," alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Akiwa wodini aliletewa kijitabu cha historia ya kampuni ile. Kilimsamehe kwa ukarimu mkubwa: kompaila "aliyoichagua Ludovick" ilikuwa kosa la ujana. Alikitupa chini. Muuguzi akakiokota kwa heshima na kumrudishia; Ludovick akakitupa tena. Kisha akamwambia mpwa wake Deusdedit, "Msinizike na uongo huu. Andika."

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Ameacha mjane, Adelina. Watoto wawili, Valerie na Félix. Dada yake, Brigitha. Na wajukuu watatu. Mkuu wake wa zamani ametuma shada la maua. Tumelipokea, na tumemtumia nakala ya wasifu huu.

Nanyi mliosimama hapa ni mashahidi: Ludovick hakukubali. Sasa na alale salama.