Mama Kimya Astaafu: Miaka Thelathini na Moja Kando ya Ubao wa Sataranji

Mwamuzi Mkuu wa chama chetu cha sataranji anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Wachezaji wanamwita Mama Kimya, na wapo mabingwa waliotwaa kombe mbele yake bila kulijua jina lake la kwenye kitambulisho. Hajawahi kupaza sauti ukumbini. Mtu akinong'ona, humwendea polepole, akasimama nyuma yake, akasubiri. Katibu wetu wa sasa alisimamiwa hivyo enzi zake za uchezaji, na anasema afadhali angetozwa faini.

Alipoajiriwa, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mashindano ya taifa yalifanyika katika bwalo la shule, wanafunzi wakiwa likizo. Mbao zilikuwa chache, kete pungufu. Ngome moja nyeupe ilipotea, nafasi yake ikashikwa na kizibo cha chupa kwa misimu mitatu. Siku ngome yenyewe ilipookotwa nyuma ya kabati, wachezaji wawili walikataa kuitumia, wakidai hawajaizoea.

Saa za wakati huo zilijazwa kwa ufunguo, na kila moja ilikuwa na tabia zake. Mama Kimya alizijua zinazokimbia na zinazosinzia. Waamuzi wapya aliwaanzishia somo kwa historia: kwamba katika mashindano makubwa ya kwanza kule Ulaya, karne ya kumi na tisa, hapakuwa na saa kabisa, na mchezaji aliyebanwa aliweza kufikiri mpaka mwenzake achoke. Baadaye zikaja chupa za mchanga, kisha saa pacha. Alikuwa akimalizia kwa kusema kwamba mwamuzi wa zama zile alihitaji godoro kuliko kanuni.

Wakubwa wa mchezo huu nchini wote wamepita mikononi mwake. Alikuwepo mhasibu aliyepewa jina la Bwana Sare, ambaye alimaliza mashindano mazima bila kushinda wala kushindwa, akarudi kwake akiwa mtu mwenye furaha kuliko bingwa. Alikuwepo Nesi, aliyekuja kucheza na sare zake za hospitali kwa sababu zamu iliisha raundi ikianza. Na juu ya wote alikuwepo Kinyozi, bingwa mara saba, aliyekuwa na kiti kimoja cha kunyolea na foleni ndefu ya watu wasiohitaji kunyolewa, waliokuja kumwona akicheza. Kinyozi alikuwa baba mkwe wa Mama Kimya.

Ukwe huo haukuwa siri. Tangu alipoolewa, chama kilihakikisha meza ya Kinyozi inasimamiwa na mwamuzi mwingine. Utaratibu huo ulikwenda vizuri hadi mwaka ambao Kinyozi alikutana na Nesi katika raundi ya mwisho, wote wawili wakiwa na pointi sawa. Asubuhi ile mwamuzi huyo mwingine alilazwa kwa homa. Nesi aliulizwa kama anakubali Mama Kimya asimamie. Alijibu kwamba hana neno, lakini shangazi yake, aliyekuwa katika viti vya watazamaji, alisikika akisema kwamba mwali wao amepelekwa kuchinjwa na ukoo mzima.

Mchezo ulimwendea Kinyozi vizuri. Kufikia saa ya tatu, malkia wake alikuwa amemzingira mfalme wa Nesi, na watazamaji walianza kuvaa makoti. Ndipo mkono wa Kinyozi ulipomshika farasi, ukamnyanyua kidogo, ukasita, ukamrudisha mahali pake. Kisha akasogeza ngome. Nesi hakuona; alikuwa ameinama, akiandika hatua iliyotangulia. Watazamaji hawakuona, maana mgongo wa Kinyozi uliwaziba. Kanuni ya mchezo inajulikana na kila mtoto: kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, sharti uicheze. Na mwamuzi akiona kosa hilo, haruhusiwi kungoja alalamikiwe.

Mama Kimya alisimamisha saa.

"Baba, umegusa farasi," alisema. "Utacheza farasi."

Kinyozi hakugeuka. Aliuliza nani kaona.

"Mimi, Baba."

Waliokaa mstari wa mbele wanasema Kinyozi alimtazama mkwewe muda mrefu, naye hakuinamisha macho, jambo ambalo nyumbani kwao lingekuwa utovu wa adabu. Kisha mzee akairudisha ngome, akamchukua farasi, akatafuta pa kumweka. Hapakuwa na pazuri. Malkia akabaki bila ulinzi, Nesi akamla, na baada ya hatua chache mchezo ukaisha. Kinyozi aliondoka bila kumpa mpinzani mkono. Hakuwa amefanya hivyo hata siku moja kabla ya hapo.

Mwenyekiti wa wakati huo alimwita Mama Kimya kando, akamweleza kwa upole kwamba kosa lisilolalamikiwa si kosa. Mama Kimya alimwambia kama ni hivyo aandike kwamba mwamuzi hakuona, na atie sahihi yeye mwenyewe. Mwenyekiti alikumbuka ana mgeni ofisini.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mkwe alipokea salamu zake kwa kichwa tu. Kinyozi, aliyezoea kuja kila Jumapili kuwaona wajukuu, aliacha kuja. Mumewe, ambaye ni fundi umeme na mtu asiyependa ugomvi, alikaa kati kama mtu aliyeshika nyaya mbili. Jioni moja alimwambia mkewe kwamba angefumba jicho moja tu, kila kitu kingepita.

"Ningefumba moja leo," Mama Kimya alimjibu, "mwakani ningeombwa la pili."

Haya alitusimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa anabandika namba za meza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Ila aliongeza kwamba mwaka ule Jumapili zilikuwa ndefu, na kwamba aliendelea kupika chakula cha mtu mmoja zaidi.

Mashindano yaliyofuata, uongozi ulimpangia kusimamia chumba cha wachezaji watoto, kule mwisho wa ukumbi, kuepusha maneno. Kinyozi alifika, akakaa kwenye kiti chake, na saa yake ilipobonyezwa hakucheza. Dakika zikawa zinaliwa. Alipoulizwa kama anaumwa, alisema, "Mleteni mkwe wangu."

Viongozi walidhani amekuja kumaliza kinyongo. Mwenyekiti alimsihi, akamkumbusha kwamba utaratibu umewekwa kwa heshima yake. Kinyozi akasema maneno ambayo aliyekuwa karani wetu aliyasikia na hajayasahau: "Nimekuwa bingwa mara saba, na kila mara kuna aliyesema nilibebwa. Huyu akisimama hapa, nani atasema tena?"

Wapinzani wake wote waliulizwa, wote wakakubali, Nesi akiwa wa kwanza. Mama Kimya akaitwa kutoka chumba cha watoto. Alikuja bila haraka, akasimama mahali pake. Kinyozi alisogeza kete yake ya kwanza akiwa amepoteza robo ya muda wake. Mwaka huo alishika nafasi ya tatu, na hakuwa bingwa tena. Alimpa Nesi mkono mara mbili: mmoja wa mwaka ule, alisema, na mmoja wa deni. Jumapili iliyofuata alikuja kula.

Kinyozi alifariki miaka sita iliyopita. Kisa cha farasi alikisimulia mwenyewe kwa wateja, na kila alipokisimulia mguso ulizidi kukua, hadi mwishoni ilikuwa kana kwamba alimpanda farasi yule akazunguka naye ukumbi.

Kazi ya Mama Kimya haikuishia hapo. Alizipokea saa za betri, kisha kompyuta, kisha balaa la simu. Kijana mmoja aliyekwenda msalani mara nyingi kuliko afya ya kawaida inavyodai alimkuta amesimama nje ya mlango, kimya. Alimkabidhi simu kabla hajaombwa. Waamuzi wote wa ngazi ya taifa tulio nao leo ni wanafunzi wake, akiwemo atakayeshika nafasi yake. Nesi naye, ambaye ametwaa ubingwa mara tano, ndiye mwenyekiti wetu.

Mwamuzi hashiriki mashindano, kwa hiyo kwa miaka yote hii Mama Kimya ametazama michezo ya wengine bila kucheza wake. Juzi ofisi ilipokea ombi lake la kujiandikisha katika mashindano ya mwezi ujao, kundi la wanaoanza. Limekubaliwa.

Asante, Mama, kwa kuona ulichokiona na kukisema. Tunakutakia afya njema, Jumapili zenye meza iliyojaa, na mpinzani mgumu raundi ya kwanza.