Manyoya Meupe Pembeni mwa Picha

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mliokaa na mliosimama kwa kukosa viti, mimi ni dada yake marehemu, wa pili kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu wengine wote kwenye familia walisema watalia, kana kwamba mimi nimeumbwa kwa zege. Tangu asubuhi mnanivuta kando mkiniuliza kuhusu picha iliyowekwa juu ya jeneza, hao bwana na bibi harusi wanaocheka kwenye ngazi, nani aliwapiga picha hiyo, na yale manyoya meupe pembeni ni ya nini, na mjukuu mmoja ameshaamua kwamba ni kuku. Tutafika huko, mnivumilie, maana nikianzia kwenye manyoya hamtamwelewa mtu huyu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa fundi cherehani na mama yetu mkunga, na mama alipenda kutuambia kwamba mtoto huyo alitoka macho yamekodoka, akigeuza shingo kutafuta taa, ingawa mama naye kwa kupiga chuku hakuwa na mpinzani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, na akiwa darasa la tano aliokota kipande cha filamu kwenye jalala nyuma ya ukumbi wa sinema, akakiinua kwenye dirisha la darasa katikati ya kipindi cha hesabu, akasahau kabisa alipo, mwalimu akamtandika, wenzake wakambandika jina la Dirisha, na jina hilo amekwenda nalo mpaka leo, hata wajukuu zake walimwita Babu Dirisha. Sekondari aliingia mwaka 1959 na akatoka 1962 na cheti kizuri, ambacho baba alikitia fremu na yeye hakukitumia hata siku moja.

Tarehe 7 Januari 1963 aliajiriwa katika studio ya picha iliyotazamana na posta, akawekwa kwenye chumba cha giza, kazi yake ikiwa kusafisha filamu na kuchapa picha, na hapo ndipo alipokaa miaka thelathini na minne, mpaka studio ilipofungwa. Alikuwa fundi mwenye mdomo, mniwie radhi, marehemu hasemwi vibaya lakini hii si siri, maana mteja akiomba picha ikatwe ili shemeji asiyetakiwa aondoke pembeni, kaka yangu alikuwa anatoka gizani na aproni yake inanuka dawa, anamwambia mteja kwamba aliyesimama mbele ya kamera amesimama, hakatwi mtu hapa. Mwenye studio alikuwa anashika kichwa, wateja wengine walikwenda mtaa wa pili, na yeye hakubadilika.

Upande wa pili wa barabara, dirisha la tatu la posta, alikuwepo karani mmoja mwenye mwanya na kicheko cha kusikika mpaka kituo cha basi, ndiye wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, na mwaka mzima wa 1969 kaka yangu alinunua stempu mpaka tukajiuliza anamwandikia nani, kumbe hana hata bahasha moja. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Novemba 1970, kwenye ofisi ya msajili, ghorofa ya kwanza ya jengo la manispaa, na siku hiyohiyo, kwenye ukumbi wa juu wa jengo hilo, alikuwa anapokelewa yule mwimbaji ambaye sisi wa zamani tunamkumbuka kama Bi Manyoya, kwa lile koti lake lenye kola na mikono ya manyoya meupe, hata jua liwake namna gani halivui. Maharusi walipokuwa wanashuka, yeye alikuwa anapanda, wapiga picha wa magazeti wamejaa ngazini, taa zao zikawaka zote kwa pamoja, na wifi akaangua kicheko akasema angalau leo na yeye amemulikwa.

Mpiga picha wa harusi alikuwa mwenzake wa studio, lakini kaka alikataa katakata mtu mwingine asiguse ile filamu, akasema harusi yangu naisafisha mwenyewe, akaondoka kwenye sherehe na suti yake ya kushonwa na baba, akaingia chumba cha giza na furaha imempanda kichwani, na yeye aliyesafisha harusi za mji mzima akaitumbukiza filamu kwenye dawa ya pili kabla ya dawa ya kwanza. Kwa wasiojua kazi ile, dawa ya kwanza ndiyo inayotoa picha, ya pili inafuta kila ambacho hakijatoka, kwa hiyo ukigeuza zamu huna kitu, na filamu ilitoka tupu, nyeupe kama kioo cha saa. Alirudi kwenye sherehe uso umemshuka, tukadhani kuna msiba. Wifi alicheka kwanza, akalia baadaye, halafu akaanza kumtania, na utani huo aliuendeleza maisha yao yote, mbele za wageni na mbele za wakwe, kwamba ameolewa na fundi picha na hana hata picha ya kumwonyesha mtoto kwamba aliolewa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa tarehe 21 Juni 1972, kijana wa kiume tarehe 2 Februari 1975, na kitinda mimba wetu tarehe 30 Agosti 1981, na katika miaka hiyohiyo ndipo kaka yangu alipoanza ule ugonjwa wake mwingine, wa kukusanya negativu za watu maarufu. Sisemi picha, alizikataa picha, yeye alitaka negativu, ile filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera siku ile, ambamo cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi, na gazeti likihama ofisi au studio ikifa yeye yuko mlangoni na mkokoteni. Chumba cha nyuma kikajaa makopo ya biskuti, ndani yake mabondia, makipa, waigizaji, wanamuziki waliotuchezesha ujana wetu, na chumba kizima kinanuka siki, kwa kuwa filamu zikizeeka hutoa harufu hiyo. Wifi alisema nyumba yake imejaa wageni wasiokula lakini hawaondoki. Watu walikuja, jamani, mtoto wa kipa fulani alikuja mtu mzima na mvi zake, akainua filamu kwenye dirisha akamwona baba yake angani anadaka mpira, kaka akamchapia picha akampa bure.

Lakini kopo la Bi Manyoya lilikuwa jambo jingine, maana huyo alimtafuta kuliko wote, na wifi yangu si mjinga, aliona. Aliona mume wake anaweza kukaa dirishani Jumapili nzima na yule mwanamke, na hataki kusema kwa nini, na akiulizwa anasema natafuta kitu. Mwaka 1994 alikuja mnunuzi mmoja na gari, akataka kopo hilo peke yake, paa la nyumba linavuja, kaka akakataa, na jioni ile wifi alikuja kwangu, akakaa jikoni kwangu, akaniambia wifi, mimi nimekuwa mke wa pili ndani ya nyumba yangu, na aliyenitangulia ni karatasi ya plastiki. Nilitaka kucheka nikashindwa. Kidonda hicho amekaa nacho miaka mingi, akipika, akifua, akimkatia kucha mume wake, na leo amenipa ruhusa nikiseme mbele yenu.

Kisukari kilimwanza mwaka 2008, mwaka 2014 macho yakafifia, na kuanzia hapo binti yake mkubwa ndiye aliyemsomea negativu dirishani, na kila mara baba alimwambia neno lilelile, achana na katikati, angalia pembeni. Mwezi Septemba mwaka huu wa 2019, mjane wa mpiga picha mmoja wa gazeti la zamani alipokuwa anahama alituletea kopo la mwisho, binti akainua filamu ya kwanza, ya pili, akafika kwenye moja ambayo Bi Manyoya anapanda ngazi, koti jeusi kama masizi kwa vile ni negativu, na pembeni kabisa, pale ambapo gazeti la kesho yake lilikata likabakiza kiwiko cha wifi tu, wamesimama bwana na bibi harusi. Kumbe ndicho alichokuwa anatafuta tangu kiwiko kile alipokiona gazetini, akijua kwamba gazeti hukata lakini filamu haikati, na hakumwambia mke wake kwa kuwa alishamwahidi picha mara moja akamwaibisha, hakutaka kumwaibisha mara ya pili. Aliuliza swali moja tu, anacheka? Binti akasema anacheka, baba, mpaka mwanya unaonekana.

Binti akamuuliza ichapwe namna gani, na yule mtu ambaye hakuwahi kukubali kumkata hata shemeji wa mtu, alisema, mkateni huyo Bi Manyoya. Yakabaki manyoya ya mkono wake, kwa sababu alisimama karibu mno na wifi, hayakuondoka.

Figo zilishindwa, akalazwa tarehe 29 Septemba, akafariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, picha ikiwa bado kwa fundi. Ililetwa Jumatano. Wifi aliishika, akasema, mpumbavu wewe, si ungeniambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipowagombeza, majirani mliobeba maji na viti, na wenzake wa studio mliobaki, hasa wewe uliyeichapa picha hii na ukakataa malipo.

Kaka, safari hii dawa zimefuatana sawasawa, mkeo ameiona, ameilaza juu ya mto wake wa kulalia usiku wa jana na mtu asithubutu kuigusa. Wewe lala sasa, upumzike kwa amani, usitafute tena.