Ufideli

Kwenye gari la kwenda Ngara, binti wa kijiji cha Mugoma aitwaye Diane alikaa kiti cha nyuma, kati yangu na mzee Pancras wa kijiji cha Nyamahanga. Hawakujuana, lakini baada ya shikamoo na marahaba binti akajieleza. Kijana aitwaye Nshimiyimana anataka kumuoa, na leo nyumbani wanasubiri jibu lake.

"Ameshanunua mlango wa nyumba yetu, babu. Kiwanja bado hana."

"Huo ni ufideli," mzee akasema.

"Ufideli ndio nini?"

"Wewe ni mtu wa Ngara na neno hilo hulijui? Fideli wa Kirushya alichonga mtumbwi wa kukamulia ndizi, wa kutosha pombe ya rubisi ya harusi nzima. Mgomba hakuwa nao hata mmoja. Tangu hapo, mtu akipanga makubwa bila pa kuanzia, tunasema ana ufideli."

"Labda alianzia pale alipoweza."

"Si angepanda mgomba, mjukuu wangu? Mtumbwi ulimuozea uani."

Hapo mzee alikosea. Mtumbwi haukuoza, watoto sita wameogeshwa humo. Lakini nikamwacha aendelee, maana hadithi ilikuwa inanoga.

Diane akafikiri kidogo. "Na mke alipata?"

"Nani angemkubali?"

Gari likasimama Kirushya. Nikawaomba wanipishe, nikashuka taratibu.

"Fideli," nikaita, kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma, "njoo umpokee mkeo mzigo."

Akaja ameshika mwavuli, na mvua tuna wiki tatu hatujaiona.